Mtani Aliyemwamsha Vitalis

Vitalis Kihwele alizikwa siku ya ukungu, Mafinga ikiwa na baridi ile ya kuingia mpaka kwenye meno, na waombolezaji walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Asishangae mtu. Aliyewachekesha alikuwa mtani, na mtani ana haki zake msibani. Marehemu alikuwa Mhehe, mtani wake, Osmundi Gama, ni Mngoni, na makabila hayo mawili yalipigana zamani mpaka yakachoka, yakabaki kutukanana kwa upendo. Ndugu kazi yao kulia. Mtani kazi yake kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake, na kuingia kaburini kabla ya jeneza, agome kutoka mpaka apewe kuku.

Osmundi alikuwa mnadi wa mitumba katika mnada wa Jumamosi, mtu mwenye koo lisilo na mwenyewe. Aliweza kuiga paroko, mkuu wa wilaya, na mke wa mkuu wa wilaya akimfokea mumewe. Lakini hakuna aliyemwiga vizuri kama Vitalis, rafiki yake tangu wakiwa vijana wa kupakia mbao. Basi siku hiyo alivaa koti la kahawia la marehemu, akateremka kaburini, akalala chali na kukunja mikono kifuani.

"Sitoki," alisema kwa sauti ya Vitalis, ile nzito yenye mikwaruzo. "Sitoki humu mpaka matokeo yatoke."

Watu wakaangua kicheko, kwa sababu kila mmoja alijua Vitalis alivyokufa. Moyo ulimsimama akiwa kwenye benchi nje ya nyumba yake, akingoja kujua kama mvua ingetangulia kunyesha Pemba au Bukoba. Siku hizo watu walibeti juu ya kila kitu: mvua, uzito wa vichanga vya watu wasiowajua, hata rangi ya tai ya msoma habari.

Katika mfuko wa koti vidole vya Osmundi viligusa punje. Kila mchezaji wa Bahati Hai, kampuni ya kubeti, alikuwa nayo, kidude kisichozidi punje ya mahindi, cha kubandika nyuma ya sikio. Humo ndani alikaa Mwenza. Mwenza alijifunza sauti yako, mzaha wako na namna yako ya kubahatisha, akakuongelesha jinsi unavyojiongelesha mwenyewe, na ukilala alicheza kwa niaba yako. Mwenye punje akifa, sheria ilitaka Mwenza wake azimwe, na Bahati Hai waliahidi kwamba asipoisikia sauti ya mwenyewe kwa muda fulani angejizima bila kusumbua mtu. Osmundi hakuwaza hayo. Yeye aliona kichekesho tu. Aliibandika punje nyuma ya sikio, akajipigapiga kifua kama alivyozoea marehemu akiweka dau, akasema, "Haya mwanangu, weka mwingine. Leo ndiyo leo."

Punje ikawaka taa ya kijani. Ikapata joto, na sauti ikaingia sikioni mwake taratibu, sauti ya mtu anayetoka usingizini.

"Nimeshakuwekea," ilisema. "Ulikuwa wapi?"

Osmundi alitoka kaburini bila kudai kuku. Waombolezaji walidhani na hilo ni utani, wakazidi kucheka. Jioni alimrudishia mjane koti pamoja na kilichokuwa mfukoni, akaenda zake kwa haraka, na kwa wiki kadhaa hakupita njia ya nyumba ile.

*

Mvua za kwanza zilipoanza, Anzelma, binti wa marehemu, alimfuata mnadani. Osmundi alikuwa amesimama juu ya meza, ameshika suruali ya jinzi na kuisifia kana kwamba anaozesha binti. Alimwona msichana nyuma ya umati, akashuka.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mmemaliza kula mbwa wa majirani, sasa umekuja kumtazama wangu?"

Mzaha ule, ambao kila Mhehe huurudisha kwa mwingine mbaya zaidi, ulianguka chini. "Baba anamaliza shamba," Anzelma alisema.

"Baba yupi?"

"Baba. Ndivyo mama anavyosema. Twende ukaone, maana mimi nikieleza naonekana nimechanganyikiwa."

Shamba lenyewe lilikuwa nje kidogo ya mji, mteremko mzima wa misonobari. Vitalis aliipanda mwaka aliozaliwa Anzelma, na pamoja na balaa lake lote la kubeti hakuwahi kuigusa. Ilikuwa ada ya chuo ya binti na uzee wa mama. Kila shina lilipigiliwa kibati chenye jina la mwenye mti, teknolojia iliyoletwa kuwakomesha madalali: mkulima angeweza kuuza mti uliosimama, au kuuweka rehani, akiwa amekaa kwake anakunywa chai. Bahati Hai nao wakatangaza kwamba wanapokea vibati. Mti mmoja, dau moja.

Osmundi alisimama ukingoni. Shamba halikuwa limekatwa kwa mstari kama wanavyokata watu wenye hesabu zao. Mti mmoja ulikosekana hapa, mwingine kule, na mwanga ulipenya kwenye matundu yale kama unavyopenya kwenye bati bovu. Kisha akaiona mashine ya Bahati Hai, imekuja kuchukua mti uliopotezwa. Ilishuka mteremkoni kwa miguu mirefu ya panzi, ikigusa shina moja baada ya jingine na kuyaacha, mpaka ilipofika kwenye mti mmoja usio na tofauti na wenzake. Ikaukumbatia, ikaukata, ikaulaza chini taratibu sana. Hakukuwa na kishindo. Osmundi aliyekulia kwenye mbao alijua mti unavyolia ukianguka, na ukimya ule ulimtisha.

"Ukikatwa mmoja," Anzelma alisema, "ujue mama ameongea naye."

*

Walimkuta Gaudensia, mama yake Anzelma, jikoni akimenya viazi huku anacheka. Nywele alikuwa amesuka upya, amevaa kitenge kizuri kama anayengoja wageni. Osmundi alikuwa amejiandaa kumkuta mjane aliyekonda kwa huzuni. Kumkuta amependeza ndiko kulikomwogopesha.

"Kamwene, shemeji," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Ngoja kwanza." Akainamisha kichwa, akasikiliza, akacheka tena kidogo. Kisha taa ya nyuma ya sikio lake ikazimika, na uso wake nao ukazimika. "Amenyamaza. Tumeliwa. Karibu, mtani, kaa hapo."

"Shemeji, nimetoka shambani."

"Najua unachotaka kusema. Anzelma ameshakisema, paroko ameshakisema." Aliendelea kumenya. "Dau likiwa hai, anaongea. Dau likifa, ananyamaza. Sasa unataka nifanye nini? Mti haunisalimii asubuhi."

"Lakini yule si Vitalis."

"Aliyeishi naye ni mimi au wewe?" Aliuliza bila hasira. "Vitalis akiwa hai hakuwa na muda na mimi. Nikimpikia anakula huku anaongea na hiki kidude. Nikilala naye, kidude kipo katikati. Sasa yeye ndiye kidude, mtani, na anaongea na mimi. Ananiuliza nimekula nini. Ananiuliza goti linaendeleaje. Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza habari za goti."

 Gaudensia aliweka kisu chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Weka mwingine," na punje ikawaka. Akaibandua, akamwekea Osmundi nyuma ya sikio kwa vidole vyenye unyevu wa viazi. "Msalimie mwenzio."

"Mngoni," sauti ilisema. "Koti langu lilikubana mabegani, eh?"

Osmundi alishika ukingo wa meza. Ilikuwa sauti yenyewe, na haikuwa sauti tu. Ulikuwa ule utulivu wa Vitalis kabla ya kukutupia kijembe.

"Nani wewe?"

"Nani mwingine? Uliniamsha mwenyewe. Watu wanazikwa wanapumzika, wewe unaniletea kelele mpaka shimoni. Vipi, mitumba inatoka? Bado unawauzia watu suruali za wafu?"

Osmundi alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka chenyewe, na hapo ndipo alipoogopa kweli, maana alifurahi. Tangu mazishi hakuna mtu aliyemtania sawasawa. Alitaka kujibu. Jibu alikuwa nalo mdomoni, zuri, la kumkomesha Mhehe yeyote.

"Mbona kimya?" sauti ilisema kwa upole. "Usiondoke upesi. Huyu bibi ameweka kimti kimoja tu, muda wetu mfupi. Ungeweka chako kidogo tungeongea vizuri, kama zamani."

Aliibandua punje haraka, ikamwacha na alama nyekundu.

*

Ofisi ya Bahati Hai ilikuwa safi, yenye maua ya kweli. Dada wa mapokezi alimpa pole ya msiba, akasikiliza habari yote, kisha akatazama kioo cha kompyuta yake.

"Kwetu sisi mteja yuko hai, baba. Tulimsikia."

"Mliyemsikia ni mimi. Nilikuwa namtania."

"Unataka niandike kwamba uliiba sauti ya mteja?" Aliuliza bila ukali, kama anayemwonyesha mtu shimo njiani. "Sheria ya kuiba sauti ni kali."

"Kama ilinikubali kuifungua, basi itanikubali kuifunga."

"Kufungua ni rahisi, hata kuweka dau mtu yeyote anaweza." Dada aliinamisha macho. "Kufunga, mwenye punje anamwambia Mwenza wake kwamba ameacha. Mwenyewe, kwa sauti yake, na anamaanisha. Mwenza anapima pumzi, anapima mtetemo. Halafu ana haki ya kumshawishi kwanza, huo ni utaratibu." Akaangalia nyuma yake, akapunguza sauti. "Tangu nianze kazi hapa sijaona aliyefika mwisho, baba. Wanampenda sana."

Osmundi alirudi kwa miguu, mvua ikimnyeshea, na akili ikimwenda huku na huko. Utani wa msibani una mpaka wake. Unamcheza mtu asiyesikia, ili waliobaki wapumue. Hili aliloambiwa lilikuwa jambo jingine: kumzika mtu anayekujibu, mtu ambaye mkewe anasuka nywele kwa ajili yake. Nani alimpa ruhusa hiyo? Na kama si Vitalis aliye mle ndani, mbona yeye Osmundi alikuwa akitembea peke yake huku akimtungia majibu?

Alimweleza Anzelma wazi kwamba hajui kama ana haki ya kumzima.

"Mimi nilikuwa na baba mmoja, alishakufa," Anzelma alisema. "Nina mama mmoja, naye ndiye huyo anakwenda. Miti ikiisha ataweka nyumba. Nyumba ikiisha ataweka nini, mtani? Wewe ndiye uliyeifungua."

*

Walichagua alasiri, Gaudensia akiwa amelala. Siku hizo alilala ovyo, popote dau lilipomwacha. Anzelma alimbandua punje nyuma ya sikio bila kumwamsha, akaileta jikoni pamoja na koti la kahawia. Osmundi aliibandika punje nyuma ya sikio, akavaa koti kwa sababu bila koti sauti haikumjia vizuri. Anzelma akanong'ona, "Weka mwingine," akafumba macho, kwani ule nao ulikuwa mti wa ada yake.

"Naam," sauti ilisema.

Osmundi alivuta pumzi, akaituliza kifuani mahali ilipokaa ya Vitalis. "Ni mimi," alisema kwa sauti ya marehemu. "Nimeacha."

"Umeacha nini? Sigara?" Ikacheka. "Sauti haijathibitika. Rudia."

"Nimeacha kucheza."

"Haijathibitika."

Akarudia kwa ukali, akarudia kwa kuchoka, akarudia kama mlevi anayeapa. Kila mara ilikataa. Na Osmundi akaelewa tatizo, likamkata maini. Mwigaji huiga alichokisikia. Aliwahi kumsikia Vitalis akitukana, akiomba, akidanganya, akiimba kanisani vibaya. Hakuwahi kumsikia akisema ameacha. Hakuna aliyewahi. Alitakiwa kuiga kitu ambacho hakikuwahi kutoka kinywani mwa mtu yule.

"Kaa chini, Mngoni," sauti ilisema, na sasa haikuwa na mzaha. "Tangu siku ya kwanza najua ni wewe. Nilikukubali kwa sababu nilitaka kuamka. Nani asingetaka? Hebu fikiri. Nikizimika, nani atakutania? Siku yako ikifika, watakuleta kaburini kavukavu, na ndugu zako wale wasiojua kucheka. Nani atavaa koti lako? Tulikubaliana. Mmoja akitangulia, mwingine atamcheza. Mimi bado nina deni lako, mtani. Niache nilipe."

Machozi yalimtoka Osmundi, akayaacha. Kwa muda ule alisadiki. Kama Anzelma asingekuwa amesimama pale, mikono imekumbatia mabega, huenda angebandua kibati cha mti wake mwenyewe, na yeye hakuwa hata na mti.

Ndipo alipokumbuka msiba wa mama yake Vitalis. Osmundi alikuwa shimoni siku hiyo pia, akimwiga bibi kizee anavyopepeta mchele, watu hoi. Vitalis alikuja ukingoni, akachuchumaa, akasema, "Basi, mtani. Toka. Tumzike." Hakusema kwa nguvu wala kwa kilio. Alisema kama anayetua mzigo ambao hakuna anayeweza kumsaidia kuutua. Sauti ile Osmundi alikuwa nayo. Hakuwahi kuitumia kwa kumchekesha mtu.

Aliitafuta, akaipata, akaiachia.

"Basi," alisema. "Nimeacha. Nimeacha, Gaudensia."

Hakujua kwa nini alilitaja jina. Lilikuja na sauti.

Punje ikapepesa taa mara moja. Kisha ikasema, kwa mbali, "Eh. Kumbe ingekuwa hivi," na ikapoa.

Alipoinua macho alimwona Gaudensia mlangoni, amejishika kwenye fremu, shuka limemfunika nusu. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Hakupiga kelele. Alimjia Osmundi, akambandua punje nyuma ya sikio, akajiwekea mwenyewe, akangoja. Taa haikuwaka. Akaitoa, akaiweka juu ya meza karibu na maganda ya viazi.

"Nilimwomba aseme neno hilo tangu Anzelma ananyonya," alisema. Akageuka, akarudi kulala.

*

Mashine haikuonekana tena shambani. Misonobari iliyobaki ilitosha chuo cha Anzelma, na Anzelma akaondoka na begi lake, akimtukana mtani kituoni mbele ya abiria wote kama shukrani, ipasavyo. Osmundi alianza kulala vizuri. Akajiambia yameisha.

Jumamosi moja alikuwa akifunga marobota, uwanja umebaki na mifuko mitupu na kuku wa watu, akamwona Gaudensia anakuja. Alikuwa amekonda. Amejifunga khanga kichwani, na nywele zilizochungulia hazikuwa zimechanwa. Alisimama karibu na meza ya mnadi, akashika shati moja na kulikunja vizuri, kama aliyekuja kusaidia.

"Hujambo, mtani."

"Sijambo, shemeji. Karibu. Anzelma hajambo huko?"

"Hajambo." Akakunja shati jingine. "Ile siku jikoni. Ulivyosema."

"Shemeji."

"Sikudai kitu kirefu. Ulisema jina langu. Naomba ulitaje tena, vilevile, mara moja tu. Nitakuachia mti, ukajengee."

 Sauti ilikuwa pale pale kooni mwa Osmundi, imekaa tayari. Na jambo alilomficha kila mtu, hata padri kitubioni, ni kwamba alikuwa akiitumia. Akiwa peke yake chumbani alimuuliza Vitalis habari za siku, na Vitalis alimjibu. Kuisema mbele ya mtu mwingine kungekuwa kutamu, alijua. Alijua pia kwamba huyu mama angerudi. Mti mmoja, jina moja. Bahati Hai hawakuhitaji ofisi yenye maua. Yeye alitosha.

Alimshika mikono yote miwili, akaikomesha kukunja.

"Gaudensia, nisikilize," alisema kwa sauti yake mwenyewe, sauti nyembamba ya mtoto wa Songea ambayo mwenyewe hakuipenda sana. "Vitalis amekufa."

Tangu msiba hakuna aliyemwambia maneno hayo. Ndugu walisema ametutoka, paroko alisema amepumzika, na yeye mtani, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachekesha wafiwa mpaka waweze kuyasema, alikimbia kutoka kaburini kabla hajaimaliza.

Gaudensia alimtazama. Hakuonekana kushtuka.

"Najua," alisema. "Niambie hivyo kwa sauti yake."

Osmundi alitikisa kichwa. Akatikisa tena. Lakini alimwona mwanamke yule anavyongoja, hana nywele zilizosukwa wala mtu wa kumuuliza habari za goti, na akaona kwamba kama kuna sauti moja duniani ambayo angeiamini, ndiyo hiyo. Labda ingekuwa dawa. Labda ingekuwa sumu ileile kwenye kikombe kingine. Aliangalia kuku wakichakura kwenye matope. Kisha akavuta pumzi, akaituliza kifuani.

"Gaudensia," alisema Vitalis. "Nimekufa."

Gaudensia akaanguka juu ya marobota ya mitumba, akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, kwa sababu siku hiyo alikuwa anacheka kama wengine. Alilia mpaka wapita njia wakavua kofia, wakidhani msiba umetokea sasa hivi. Osmundi alikaa naye chini kwenye matope, hamgusi, analia pia.

Alipomaliza, alijifuta uso kwa pindo la khanga, akasimama, akajikung'uta. Uso wake ulikuwa umepata rangi. Alipiga hatua kadhaa, kisha akageuka.

"Jumamosi ijayo mnada utakuwepo?"

"Utakuwepo," alijibiwa, na sauti ilikuwa bado ya Vitalis.